Sura ya Nne: Mlango wa Kutokea

Watumishi wa kampuni ya Amazon walipotaka jina la kuiita njia ambayo mteja hakuwa na budi kuipita akitaka kuvunja uanachama wake wa kulipia ada, uitwao Prime, waliazima jina la Iliad, yaani ule utenzi wa kale wa Kiyunani unaonasibishwa na Homer, ambao mada yake ni vita vya Troy, vita vilivyosemwa kuwa vilidumu miaka 10. Jina hilo halikuandikwa mahali ambapo mteja angeliona. Lilikuwa neno la ndani, la wao kwa wao, na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ililitaja katika mashtaka iliyoyapeleka mahakamani mwezi wa Juni 2023. Sisi wa pwani, tuliolelewa katika kusikiliza tenzi, hatuna ugomvi na utenzi mrefu, kwa maana aliyeketi mkekani kuusikiliza ameketi kwa kupenda kwake, na kila ubeti unaozidi ni tunu aliyozidishiwa. Lakini mtu anayetaka kuacha kulipa ada ya mwezi hakuomba kughaniwa. Na mtumishi anayeujua urefu wa njia kiasi cha kuipa jina la vita vile hawezi tena kudai kwamba urefu huo ulitokea kwa sahau.

Kwa mujibu wa mashtaka hayo, kuingia katika uanachama kulihitaji kubofya mara 1 au 2 tu, na walikuwapo wateja walioingia pasipo kutambua kuwa wameingia, kwa kuwa kitufe kilichokamilisha ununuzi wao hakikueleza bayana kuwa ndicho hicho pia kilichowaandikisha. Ilhali kutoka kulimtaka mteja apite kurasa 4, abofye mara 6, na apambane na machaguo 15 yaliyotandazwa mbele yake, mengine ya kumbembeleza abaki, mengine ya kumtoa kabisa katika njia aliyokuwa akiifuata, hata akajikuta hana budi kuanza upya. Baraza la Walaji la Norway lilikwisha kuilalamikia njia hiyo tangu Januari 2021, na mwezi wa Julai 2022 kampuni ilikubali kuifupisha kwa wateja wa Umoja wa Ulaya iwe ya kubofya mara 2, jambo lililodhihirisha kuwa ufupi uliwezekana wakati wote na kwamba kilichokosekana hakikuwa ufundi. Marekani kwenyewe njia ndefu ilidumu hadi Aprili 2023. Kesi ikamalizika kwa mapatano mwezi wa Septemba 2025, kampuni ikalipa dola bilioni 2.5, ambazo bilioni 1 ni faini na bilioni 1.5 ni za kuwarudishia wateja, pasipo kukiri kosa.

Nimeianzia sura hii mlango wa nyuma kwa makusudi. Wanaofundisha usanifu wa tovuti aghalabu huanza kwa ukumbi wa mbele, rangi zake, picha zake na maneno yake ya kukaribisha, na haishangazi, kwa kuwa ukumbi ndio ambao mwenye duka huulipia kwa moyo mkunjufu. Mimi naona, na msomaji ana haki ya kunipinga, kuwa itibari ya tovuti haiwezi kupimwa pale inapomkaribisha mgeni, maana hapo hata laghai ni mkarimu, na mara nyingi ukarimu wake humshinda mwaminifu. Hupimwa pale mgeni anaposema kwaheri, wakati ambapo hana tena cha kutoa, na mwenyeji hana tena sababu ya kumfurahisha isipokuwa adabu yake mwenyewe.

Lugha yetu ilikwisha kulijua jambo hili kabla ya kuwapo mitambo. Neno hiari, ambalo leo twalitumia kwa maana ya kupenda kwa moyo, asili yake ni Kiarabu, na katika elimu ya fiqhi, kwenye mlango wa biashara, lina maana mahsusi zaidi: ni haki aliyonayo muuzaji au mnunuzi ya kuivunja bei iliyokwisha kufungwa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa mwambao huu, wauziani waliokubaliana hubaki na hiari maadamu hawajaachana pale walipoketi, na kila mmoja wao aweza kusema nimerejea, na bei ikavunjika bila lawama. Kadhalika mnunuzi akigundua kasoro ya kale iliyofichika katika kitu alichonunua, anayo hiari ya kukirudisha. Kwa hivyo sokoni neno hili halikuwa neno la kuingia bali la kutoka, na bei ambayo haikuwa na mlango wa kurejea ilihesabiwa kuwa na upungufu hata kama pande zote mbili zilikuwa zimetabasamu. Ridhaa ni neno la mwanzo wa mapatano. Hiari huendelea baada yake. Wasanifu wengi wa zama hizi huitafuta ridhaa kwa bidii kubwa, wakaipata, wakaihifadhi katika kumbukumbu za mitambo yao kwa tarehe na saa, na hiari wakaiacha nje ya hesabu.

Ulaya imeirudisha hiari hiyo kwa njia ya sheria bila ya kuijua kwa jina hilo. Kwa amri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011, mtu anayenunua kitu kwa mbali, bila ya kukishika wala kumwona muuzaji, ana siku 14 za kughairi pasipo kutoa sababu yoyote. Wajerumani wakaongeza lao: tangu tarehe 1 Julai 2022, anayewauzia walaji wao mikataba ya kudumu kwenye mtandao hana budi kuweka katika tovuti yake kitufe cha kuvunjia mkataba, kinachoonekana waziwazi, chenye maneno dhahiri yenye maana ya ‘vunja mikataba hapa’. Marekani nayo ilitunga kanuni ya namna hiyo mwezi wa Oktoba 2024, ikataka kutoka kuwe kwepesi kama kuingia, lakini mahakama ya rufani iliitengua Julai 2025, siku chache kabla haijaanza kutumika kwa ukamilifu, kwa sababu ya taratibu zilizorukwa katika kuitunga.

Hila zenyewe zilipewa jina la jumla mwaka 2010 na Mwingereza Harry Brignull, mtaalamu wa usanifu, aliyeziita kwa neno linaloelekea mitindo ya giza, akafungua tovuti ya kuzianika kwa picha na majina. Baadaye aliliacha neno la giza akapendelea neno la hadaa, na mimi namuunga mkono, kwa kuwa giza huweza kumfika mtu bila ya yeyote kulitaka, lakini hadaa ina mwenyewe. Katika mifano iliyopata umaarufu kwa kazi yake, upo wa shirika moja la ndege ambalo, likimuuzia msafiri bima ya safari, lilimtaka achague nchi anayoishi katika orodha ndefu, na chaguo la kukataa bima likachomekwa katikati ya majina ya nchi, kwa mpangilio wa herufi, kana kwamba Kukataa nako ni dola yenye bendera yake.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao waliituma programu ipite katika tovuti za maduka zipatazo 11,000, ikakuta mifano 1,818 ya hila hizo katika tovuti 1,254, yaani tovuti kama 11 katika kila 100. Na programu yao ilisoma maandishi tu, kwa hiyo hila za rangi na umbo hazikuingia katika hesabu. Walikuta saa za kuhesabu dakika zilizobaki kabla ya bei kupanda, ambazo zikifika sifuri bei haipandi. Walikuta matangazo ya kuwa watu kadhaa wanakitazama kitu hiki sasa hivi, na walipoichungua programu iliyo nyuma ya ukurasa wakaona kuwa idadi ya watu hao ilitungwa na mtambo kwa bahati nasibu. Msomaji atasema kuwa haya si mageni, kwa kuwa machinga wa Kariakoo naye hukuapia kuwa zimebaki mbili tu, ilhali chini ya meza ana gunia zima. Ni kweli, na wala sitaki kumtakasa machinga. Lakini machinga humwongopea mtu anayemtazama usoni, mbele ya jirani yake anayejua gunia liko wapi na ambaye huenda akacheka. Na mnunuzi akivuka barabara amekwisha kutoka, hakuna kurasa 4 baina yake na ng’ambo ya pili. Tovuti haina uso wa kutahayari wala jirani wa kucheka, na uongo wake huongopewa watu milioni kwa dakika moja, kila mmoja akiwa peke yake na simu yake.

Upweke huo ndio unaoufanya uzuri kuwa jambo la hatari. Mwaka 2002 maabara ya Chuo Kikuu cha Stanford iliyoongozwa na B. J. Fogg iliwauliza watu 2,684 waeleze kwa nini tovuti fulani waliiona ya kuaminika au isiyoaminika, na katika maelezo yao jambo lililotajwa kuliko mengine yote, katika asilimia 46.1 ya maelezo, lilikuwa ni sura ya tovuti: mpangilio wake, herufi zake, rangi zake. Si nani anayeimiliki, wala taarifa zake zimetoka wapi. Mtu hufanya vivyo hivyo akiingia katika duka geni. Hutazama sakafu kama imefagiwa, na si ujinga, maana asiyefagia sakafu huenda hafagii hesabu pia. Lakini sakafu ya duka hufagiwa kila siku kwa mkono wa mtu, na sakafu ya tovuti hununuliwa ikiwa imekwisha kufagiwa, kwa bei ndogo, na yeyote atakaye. Uzuri ni mkopo wa itibari ambao mgeni humpa msanifu kabla hajamjua, na wapo wasanifu wanaoukopa wakiwa hawana nia ya kulipa.

Kwa ajili hiyo mimi huitaja mara kwa mara tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, iliyofunguliwa mwezi wa Oktoba 2012, ambayo haina pambo lolote la kuisifia: herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, maneno mepesi, na jibu la swali likiwa mahali ambapo swali huulizwa. Mwaka uliofuata Jumba la Makumbusho ya Usanifu la London liliipa tuzo ya usanifu bora wa mwaka, ikavishinda vitu vingi vilivyopendeza macho kuliko yenyewe. Sidai kuwa kila tovuti ifanane nayo. Duka la manukato lenye sura ya ofisi ya kodi halitauza hata chupa moja.

Habari za vidakuzi nitazipita upesi, kwa sababu kila msomaji amekwisha kuchoshwa nazo. Lou Montulli aliyevibuni mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape alitaka tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake, mathalan asipoteze vitu alivyoviweka katika kikapu; waliokuja baadaye wakavifanya vibarua vya kumfuata mgeni hadi nyumba za watu wengine. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya Planet49, iliamua kuwa kisanduku kilichowekewa alama ya kukubali vidakuzi kabla mtu hajakigusa si ridhaa. Na mwezi wa Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa za watu ilitangaza faini ya euro milioni 150 juu ya Google na milioni 60 juu ya Facebook, kwa kosa ambalo msomaji wa sura hii hatalishangaa: kukubali kulihitaji kubofya mara 1, na kukataa kulihitaji kubofya mara kadhaa.

Mambo ya mbali yasitusahaulishe ya nyumbani. Nchini Kenya, ambako mkopo wa simu umekuwa jambo la kila siku, zilizuka programu za kukopesha ambazo, kabla ya kutoa shilingi moja, zilimtaka mkopaji azifungulie kitabu cha majina yaliyomo katika simu yake, naye kwa dhiki aliyokuwa nayo akabofya kukubali, pasipo kufikiri kitabu hicho kitafanyiwa nini. Alipochelewa kulipa akakijua: mkwewe akapigiwa simu, na mwajiri wake, na mwalimu wa watoto wake, wakaambiwa mtu wenu huyu ni mdaiwa sugu. Kwa sheria ya kulinda data ya Novemba 2019, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliyafuatilia malalamiko ya namna hii, na mwezi wa Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ikatozwa shilingi 2,975,000 kwa kuyatumia majina na namba za watu ambao hawakukopa chochote. Tanzania ilitunga sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Katika mkasa huu wa mikopo naona dhuluma ya daraja la juu kuliko ile ya Iliad. Aliyekopa alibofya, na japo alibofya akiwa amebanwa, yapo mapatano yanayoweza kujadiliwa mbele ya hakimu. Mkwewe hakubofya kitu. Jina lake limeingia katika nyumba ambayo yeye hakupiga hodi, na kwa kuwa hakuingia kwa mlango, hana mlango wa kutokea. Msanifu aliyeichora ile skrini ya kuomba kitabu cha majina hakumwona mtu huyu wa tatu, na huenda alifundishwa kumfikiria mtumiaji tu, neno ambalo mimi silipendi kwa sababu hiyo hiyo, maana humhesabu anayeshika simu na kuwasahau waliomo ndani yake.

Shangazi yangu hakukopa wala hakukopesha, lakini siku moja aliniita akaniambia, “Mwanangu, simu hii inakula peke yake.” Kila akiweka salio, asubuhi yake lilikuwa limepungua. Nilipoitazama nikakuta kila alfajiri hutumiwa ujumbe wa habari za nyota yake, yeye ambaye nyota za watabiri hakuziamini hata utotoni, na kila ujumbe hukatwa fedha. Lini alijiunga hakujua. Yamkini aligusa neno fulani akidhani anafunga tangazo. Njia ya kujitoa ilikuwapo, sikatai, ni kutuma neno moja kwa namba fulani. Ila neno hilo na namba hiyo viliandikwa katika ujumbe wa kwanza kabisa, ambao yeye aliufuta siku ile ile kama afutavyo kila asichokielewa. Ikanichukua siku mbili za kupiga simu na kusubiri nikiimbiwa muziki. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo sana. Lakini tangu siku hiyo shangazi haamini ujumbe wowote, hata ule wa zahanati unaomkumbusha tarehe ya kwenda kupimwa presha, na huko ndiko hasara ilikokwenda: waongo walivuna, na mkweli wa zahanati akaja kuvuna shamba lililokwisha kuvunwa.

Isidhaniwe kuwa kila kizuizi ni hadaa. Ukituma pesa kwa simu, mtambo hukusimamisha ukakuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuhitimisha, na kusimama huko kumewaokoa wengi waliokosea tarakimu moja. Tovuti ikikuuliza mara moja, una hakika unataka kuzifuta picha zako zote, imefanya kama bawabu anayemkumbusha mgeni mwavuli aliousahau. Tofauti ya kizuizi hiki na kile huonekana ukiuliza ni nani atakayepata hasara kizuizi kikiondolewa: kile cha jina la mpokeaji kikiondolewa, atakayeumia ni mtumaji, zile kurasa 4 zilipoondolewa, aliyepoteza ni mwenye duka peke yake.

Mpwa wangu husanifu tovuti Dar es Salaam, na mwezi uliopita alinijia na kazi aliyokuwa akiifanyia duka moja la kanga, ambalo wateja wake hulipa ada wakapelekewa doti moja ya toleo jipya kila mwezi. Alikuwa ameweka neno Jiondoe katika ukurasa ule ule wenye neno Jiunge, kwa herufi za ukubwa mmoja. Mwenye duka, mzee mwungwana ambaye sina shaka hajapata kumpunja mtu sokoni, alipouona akamuuliza, “Binti yangu, wanijengea duka au wanibomolea?” Wakavutana siku kadhaa. Mzee alishikilia kuwa dukani kwake hakuna kibao kinachomwambia mteja aondoke. Binti akamjibu kuwa dukani kwake mlango unaonekana. Hatimaye mzee akaleta shauri la kati na kati: neno libaki, lakini lishushwe chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo za rangi ya kijivu.

“Mjomba,” akaniuliza mpwa wangu baada ya shikamoo, akinipa simu yake, “kijivu hiki chasomeka?”

Nikavaa miwani, nikasogea dirishani penye mwanga, nikaiinamisha simu upande huu na upande ule. Neno lilikuwapo, nililijua kwa kuwa nilikwisha kuambiwa lipo. Nikamrudishia simu, nikamwambia halisomeki, naye akaondoka kwenda Kariakoo kumkabili mzee wake.